Askari Mzee Mwenye Ulemavu: Atunzwe Wapi, na Vipi?

  Kama una mzee karibu nawe, mwite asogee kwenye redio. Kama masikio yake ni mazito, ongeza sauti kidogo, kwa sababu leo habari ni zake.

Leo nataka tuzungumze juu ya wazee wetu waliowahi kuvaa sare ya jeshi na wakarudi nyumbani na ulemavu. Karibu kila kijiji kinao. Utamjua mzee kama huyo kwa namna anavyokunja blanketi lake asubuhi, anavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa redioni hata kama ana mguu mmoja, na anavyokasirika mtu akichelewa.

Wale wa kwanza, askari wa Keya waliopigana Burma mwaka 1944, karibu wote wametutoka. Aliyebaki amefika miaka 100 au anaikaribia. Walipoachishwa jeshi baada ya vita, wengi hawakupewa pensheni ya kila mwezi. Walipewa kiinua mgongo cha mara moja, kiasi chenyewe kikahesabiwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi, kisha wakaambiwa warudi kwao wakalime. Waliowafuata ni askari wa Kenya huru: walioingia vita vya Shifta huko kaskazini, vilivyoisha mwaka 1967, na baadaye waliotumwa kulinda amani Namibia, Yugoslavia ya zamani na Sierra Leone. Hawa ndio wazee wetu wa leo. Na nyuma yao wako vijana waliovuka mpaka kuingia Somalia kuanzia Oktoba 2011, baadhi yao wamerudi wamepoteza viungo wakiwa bado vijana kabisa. Nao watazeeka. Kwa hiyo mama mwenye kijana kama huyo asizime redio.

Nitakupa mfano wa mzee mmoja. Tumwite Koplo, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane.

Koplo aliingia jeshini mwaka 1964. Huko kaskazini gari lao lilikanyaga bomu la ardhini, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Akarudi nyumbani, akaoa, akalima miwa na mahindi zaidi ya miaka 40 kwa mguu wa bandia na gongo moja. Miaka hiyo yote hakumwomba mtu msaada. Wanakijiji walikuwa wameshasahau kwamba ana ulemavu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Shida ya Koplo haikuanza siku ya bomu. Ilianza alipopita miaka 75. Goti la mguu mzima, lililofanya kazi ya miguu miwili miaka yote hiyo, lilichoka. Mabega yaliyokuwa yakisukuma gongo yakaanza kuuma. Akapata kisukari. Masikio, ambayo mizinga ilikuwa imeyaharibu ujanani, yakaziba zaidi. Mtu wa kawaida akizeeka hupoteza nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye akiba aliyonayo. Mzee kama Koplo akiba yake aliitumia zamani. Ndiyo maana jamaa zake walishangaa: mwaka mmoja anapanda boda boda peke yake kwenda sokoni, mwaka wa pili hawezi kufika chooni.

Mke wake amepita miaka 70 na mgongo wake haumruhusu kumwinua mtu. Kijana wao yuko Mombasa. Binti yao, aliyeko Nairobi, akasema, "Tumpeleke baba kwenye nyumba ya wazee, atapata muuguzi." Kijana akasema hiyo ni aibu. Jamaa wakakutana mara tatu juu ya jambo hilo. Katika mikutano yote mitatu, Koplo alikuwa ameketi chini ya mwembe nje, na hakuna aliyemwuliza.

Je, nyumba hizo ziko wapi? Hapa Navakholo sijui hata moja. Nairobi zipo: Kasarani kuna Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini, kuna Mji wa Huruma, na Kariobangi kuna nyumba ya wazee yenye jina la Cheshire. Hizi zilianzishwa hasa kwa ajili ya wazee maskini wasio na mtu. Hazikujengewa askari. Uingereza wana nyumba ya askari wazee huko Chelsea, London, iliyoanzishwa na mfalme mwaka 1682, na mpaka leo wazee wake hutembea na makoti mekundu. Sisi hatuna Chelsea. Chelsea yetu ni boma.

Lakini hilo jina la Cheshire lina hadithi inayotufaa leo. Leonard Cheshire alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 alikuwa na nyumba kubwa huko kusini mwa Uingereza, iliyoitwa Le Court. Akasikia kwamba mtu mmoja, Arthur Dykes, aliyewahi kutumika katika jeshi hilo hilo la anga, anakufa kwa saratani na hana pa kwenda. Cheshire akamchukua, akamwuguza kwa mikono yake mwenyewe mpaka akafa. Wagonjwa wengine wakafuata, na hivyo ndivyo nyumba za Cheshire zilivyoanza hata zikaenea nchi nyingi. Mwanzo mwema kuliko huo sijui.

Hata hivyo, miaka kumi na zaidi baadaye, wakazi wa Le Court hiyo hiyo walianza kulalamika. Mmoja wao alikuwa Paul Hunt, kijana mwenye ugonjwa wa misuli. Walikuwa wanalalamikia nini? Chakula kilikuwepo, vitanda vilikuwa safi. Walilalamikia saa ya kulala. Watu wazima walilazwa kitandani kwa saa iliyopangwa na wafanyakazi, kama watoto. Walitaka kuchagua wenyewe saa ya kulala, na wawe na sauti katika mambo ya nyumba yao. Walipigania hilo kwa miaka. Walialika hata watafiti, na watafiti hao wakaandika kitabu mwaka 1972 kilichosema kwamba nyumba za namna hii huwa na mitindo miwili: nyingine ni ghala, ambapo mtu huwekwa asiharibike, na nyingine ni bustani, ambapo mtu hutunzwa ili uwezo wake ukue. Hunt hakukipenda kitabu chenyewe, kwani aliona watafiti wamekubali mno kwamba watu wafungiwe mbali na wenzao. Lakini neno ghala nimelishika.

Kwa nini? Kwa sababu boma nalo linaweza kuwa ghala. Nimeingia katika nyumba hapa hapa ambapo mzee anaoshwa, anapewa uji, anawekwa ukutani kwenye jua saa tatu, anarudishwa ndani saa kumi. Hana kidonda hata kimoja. Na tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza swali ambalo jibu lake lina maana. Kwa mzee aliyekuwa askari hilo ni zito zaidi. Jeshini alizoea siku yenye mpango na kila mtu na kazi yake. Ukimwondolea mpango na kazi, unamwachia maumivu peke yake.

Basi tuone la kufanya, iwe nyumbani au penginepo.

Anza na siku yake. Mwulize anataka kuamka saa ngapi, kuoga saa ngapi, kulala saa ngapi, na mfuate. Mpe jukumu la kweli. Si la kuigiza, maana wazee hujua. Koplo alipewa daftari la kuandika maziwa ya ng'ombe mmoja, asubuhi na jioni, na fedha za maziwa zinapitia mkononi mwake. Mwingine aliyepofuka anakoboa mahindi na kuhesabu kuku kwa kusikiliza. Kazi ikichukua muda mrefu, ichukue. Kosa letu kubwa sisi tunaotunza ni haraka. Kumvisha mzee shati ni dakika mbili, akijivisha mwenyewe ni dakika kumi na tano. Tukimvisha kila siku, baada ya miezi michache mikono husahau, na hapo kweli hataweza.

Sasa choo. Tusione haya, hili ndilo linalovunja familia. Wazee wengi hupunguza kunywa maji ili wasisumbue mtu kwenda chooni, kisha wanapata haja ngumu, ugonjwa wa mkojo, hata kuchanganyikiwa akili. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mwenye mguu mmoja. Chukua kiti cha mbao chenye miguu imara, fundi akate tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo, au kiwekwe chumbani usiku na ndoo yenye mfuniko chini yake. Simika nguzo mbili za kushikilia. Kwa asiyeona, funga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, kwenye urefu wa mkono wake, naye atakwenda mwenyewe. Mvua zikianza, udongo wetu huteleza. Mwaga kokoto au mabaki ya matofali kwenye njia hiyo. Na chini ya gongo pigilia kipande cha mpira, hata cha akala kuukuu kinatosha.

Kuoga ndiko kwenye ugumu wa mila. Mkaza mwana hawezi kumwosha baba mkwe wake. Wengine kutoka nje hutucheka kwa hili, lakini mimi simlaumu mkaza mwana wala mzee. Nimeona mzee akikataa kuoga majuma mawili, watu wakasema amekuwa mkaidi, kumbe alikuwa analinda heshima ya mke wa mwanawe. Lakini mila hiyo hiyo ina mlango. Mjukuu wa kiume na kuka yake ni wenzi. Wanataniana, wanaitana majina, na hakuna neno likifanyika kati yao. Mjukuu wa miaka kumi na sita anaweza kabisa kumsaidia kuka yake kuoga, akifundishwa na muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii. Asifanywe mtumwa, aende shule, na siku zake zijulikane. Binti za kuolewa na jamaa wengine nao wapangiwe zamu kwa kazi nyingine. Mke wa mzee apate angalau siku moja kwa juma ya kwenda kwa dada zake au kanisani bila kuangalia nyuma. Mke akianguka, wagonjwa ni wawili.

Tuje kwenye mwili. Kigutu, yaani sehemu iliyobaki baada ya mguu au mkono kukatwa, kioshwe kila siku kwa maji na sabuni, jioni badala ya asubuhi, kikauke vizuri usiku. Asubuhi kabla ya kuvaa mguu wa bandia usipake mafuta. Ngozi ikilainika huchubuka. Kitazame kwa kioo kidogo, pande zote. Ukiona wekundu usioondoka, lengelenge au harufu, mguu wa bandia usivaliwe tena mpaka mganga aone. Kwa mwenye kisukari, mguu uliobaki ndio wa kulindwa kama mboni ya jicho. Asiuweke karibu na moto jikoni, kwa maana huenda hausikii joto, na ataungua bila kujua. Na usimwekee mto chini ya goti anapolala. Najua unamwonea huruma, lakini goti litakakamaa na mguu wa bandia hautamwingia tena.

Mguu wa bandia wenyewe si wa maisha. Mwili ukikonda, kigutu nacho hupungua, na mguu unaanza kupwaya. Wengi huacha kuuvaa hapo, wakidhani wamezeeka, kumbe ni mguu uliozeeka. Mganga wa hospitali ya Navakholo anaweza kuwaandikia barua ya kwenda Kakamega kupimwa.

Na mguu usiokuwepo kuuma? Hiyo si wazimu wala si uchawi. Mishipa ya fahamu bado inapeleka habari, na ubongo bado una ramani ya mguu ule. Mzee akisema vidole vyake vinawaka moto, vidole vilivyozikwa kaskazini tangu miaka ya sitini, mwamini, kisha umpeleke apate dawa. Zipo.

Asiyeweza kuondoka kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Anayeketi kutwa ajiinue au ainamishwe upande mara nyingi. Tazama visigino, nyonga, na mfupa wa chini ya mgongo. Kidonda cha kulala huanza kama alama tu, na kwenye ngozi yetu nyeusi huonekana kama sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi, ngumu au yenye joto.

Usiku kuna jambo jingine. Askari wazee wengine huota vita. Wengine walinyamaza miaka 50, wakajishughulisha na shamba na watoto, na sasa kwa kuwa hawana shughuli yale mambo yamerudi. Mzee anapiga kelele usingizini, anajificha, anarusha ngumi. Usimguse kumwamsha. Simama mlangoni, mwite kwa jina lake au cheo chake, mwambie mahali alipo: "Koplo, ni mimi, uko nyumbani Navakholo." Acha taa ndogo ikiwaka. Mchana akitaka kusimulia, msikilize, asipotaka, usimchimbe. Chang'aa humletea usingizi, kisha humwongezea ndoto, na pamoja na dawa za presha au kisukari ni hatari.

Kuna na sonona, huzuni isiyoondoka. Kwa mzee mara nyingi haiji na machozi. Inakuja kwa kukataa chakula, kuacha kunyoa, kutofungua redio aliyoipenda, na lile neno, "Mimi namngoja Mungu tu." Tukilisikia tunadhani ni utakatifu. Likirudiwa kila siku, mpeleke kituo cha afya, kwani ni ugonjwa na una tiba. Kama bado ana bunduki ya zamani, panga au dawa za kuulia wadudu karibu na kitanda, ziondoke.

Juu ya karatasi nitasema machache. Cheti cha kuachishwa jeshi na namba ya utumishi viwekwe pamoja na kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mchwa. Bila namba hiyo, pensheni na madai ya mjane huwa safari ndefu sana. Chama cha askari wa zamani, wengi mnakijua kwa jina la KAFOCA, sasa kinaitwa DEFOCA. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huandikisha mtu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali. Asiye na pensheni na amefika miaka 70, mwulize chifu juu ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Na tangu Oktoba 2024 kadi ya NHIF haifanyi kazi tena. Jiandikisheni na SHA. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake na serikali pia. Jamaa na serikali, wote wawili.

Sasa je, yule binti wa Nairobi alikosea? Hapana. Aliona mgongo wa mama yake, ambao ndugu yake wa Mombasa hakuuona. Kuna wakati nyumba ya wazee ndiyo sawa: mzee hana mtu, au anahitaji muuguzi usiku kucha, au jamaa waliopo wanampiga na kumla pensheni yake. Ikifika hapo, aende na aitazame kwanza, akiwa bado anaweza kusema ndiyo au la. Mnapoitazama, msiulize tu kama kuna dawa. Ulizeni wazee wanalala saa ngapi na ni nani aliyepanga. Ulizeni kama anaweza kuja na kiti chake na redio yake. Tazameni saa nne asubuhi wazee wanafanya nini. Kama wote wameketi ukutani kimya, mmeshajibiwa. Na akiingia, miezi ya kwanza ndiyo migumu. Wengi huanguka afya kwa kuhamishwa tu. Mtembeleeni sana wakati huo, msingoje Krismasi.

Koplo mwishowe aliulizwa, katika mkutano wa nne. Akasema ataenda kuona, kama anavyokagua kambi. Akakaa majuma mawili. Aliporudi akasema kitanda kilikuwa kizuri kuliko chake na mhudumu mmoja alikuwa na adabu sana, lakini hakukuwa na ng'ombe. Akasema pia kwamba asingejali kurudi huko kama mama angetangulia kufa, na jambo hilo liandikwe kwenye daftari la maziwa ili watoto wasije wakagombana. Liliandikwa. Binti hutuma fedha za mjukuu wa kuoga na za kiti kipya cha choo. Kijana wa Mombasa amelipa fundi aliyemwaga kokoto.

Juma lijalo, msikilizaji, tutazungumza juu ya mtoto wa jicho. Kama una swali juu ya mazungumzo ya leo, liandike ulipe kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako, naye atalifikisha. Kwaheri kwa sasa.